Maonyesho ya Wakulima Vijijini West Nile: Maswali Ambayo Wakulima na Wamisionari Huuliza Tena na Tena

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wakulima, makatekista, wachungaji na vijana wanaojiandaa kuja kutumika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Yanarudi kila msimu, mengine kwa maneno yaleyale. Majibu yametoka kwenye kazi ya misheni katika vijiji vya Arua, Terego na Yumbe. Anayetumika kwingine Uganda, kama Busoga au Kigezi, itambidi abadilishe tarehe na mazao, lakini mengi yatamfaa.

## Mambo ya kwanza

Maonyesho haya ni nini? Si soko tu lenye mahema?

Sokoni mtu huenda kuuza na kununua, akimaliza anarudi nyumbani. Kwenye maonyesho mkulima analeta alicholima, anasimama kando yake na kujibu maswali ya wakulima wenzake: mbegu ulipata wapi, ulipanda lini, ulipalilia mara ngapi, mbona mhogo wako hauna madoa? Kuuza kunaruhusiwa na wengi huuza, ila watu hawatembei saa tatu kwa ajili ya kuuza tu.

Wengi wamesikia habari za maonyesho makubwa ya Jinja yanayoandaliwa na Shirikisho la Kitaifa la Wakulima wa Uganda, UNFFE. Yale yana matrekta, benki na kampuni za kigeni. Ya kijijini yana uwanja wa shule au wa kanisa, miembe ya kivuli, turubai chache na meza zilizoazimwa darasani. Mama mwenye nusu ekari hawezi kusafiri kutoka Yumbe hadi Jinja kwenda kutazama aina mpya ya karanga. Hapa anakuja kwa miguu, na anayemfundisha ni jirani ambaye shamba lake anaweza kwenda kulikagua kesho yake. Huyo jirani akisema uongo, ataumbuka kabla ya wiki kwisha.

Kwa nini misheni ijishughulishe na kilimo?

Kwa sababu watu tunaosali nao Jumapili ni wakulima kuanzia Jumatatu. Ikifika Mei na Juni, ghala zimeisha na mavuno ya kwanza hayajaiva, utaona watoto wanaacha shule na akina mama wanakuja misa ya asubuhi wakiwa hawajala tangu jana. Aliyetumwa kuishi na watu hawa hawezi kulitazama shamba lao kama jambo la pembeni.

Historia nayo ipo, na ina pande mbili. Mwaka 1903 Kenneth Borup, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, aliyesimamia kazi za ufundi, alileta mbegu za pamba Uganda, zikagawiwa kwa wakulima kupitia machifu. Pamba ikawa zao kubwa la biashara, na familia nyingi zililipia ada za shule kwa pamba. Lakini viwanda vya Uingereza ndivyo vilivyoihitaji, na mwaka 1908 serikali ya kikoloni ya gavana Hesketh Bell ikatunga sheria kali kuhusu pamba, aina nyingine zikaondolewa ili ibaki ile waliyoitaka wanunuzi. Mkulima hakuulizwa. Mimi huwaambia wamisionari wapya waijue habari hiyo kabla hawajafungua mdomo kuhusu mbegu. Kumletea mtu kitu kizuri ni jambo moja, kumwamulia ni jambo jingine.

Ni lazima niwe mshiriki wa kanisa lenu, au Mkristo?

Hapana. Yumbe wengi wa wenyeji ni Waislamu, na baadhi ya wakulima bora wa simsim tunaowajua ni wao. Anayetaka kuonyesha mazao yake anajiandikisha kwa katekista, kwa imamu au kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, popote palipo karibu naye. Mbuzi wa chakula cha wageni achinjwe na Mwislamu, ili wote wale sufuria moja. Jambo dogo hilo, lakini ukilikosea watu watakuja, watatazama, na wataondoka na njaa bila kusema neno.

Siku hufunguliwa kwa sala fupi, ya Kikristo na ya Kiislamu. Hakuna mahubiri katikati ya mafunzo, na hakuna mtu anayepewa au kunyimwa kitu kwa sababu ya dini yake. Anayetaka kuzungumza na padre au mchungaji atamkuta anazunguka kwenye meza kama wengine.

Lugha gani inatumika?

Kilugbara, Kiaringa, Kikakwa, Kimadi, kutegemea kijiji. Kiswahili hutuunganisha: kimekaa West Nile miaka mingi kupitia jeshi, biashara na njia za Kongo, na muuzaji wa Arua anayenunua bidhaa Ariwara, mji wa Kongo, anakitumia kila siku. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini wengi huongea Kiarabu cha Juba, hivyo tafuta mtafsiri mapema. Bango liandikwe kwa maneno machache na picha nyingi.

Maonyesho yafanyike mwezi gani, na siku gani?

Kwa upande wetu, wiki za mwisho za Julai ndizo nzuri. Maharage yameshatoka, karanga zinang'olewa, mahindi yamesimama shambani yakikauka, kwa hiyo shamba la mfano lina cha kuonyesha. Tena mkulima bado ana nafasi ya kutumia alichojifunza kwenye mvua za pili. Wengine hupendelea Januari kwa sababu barabara ni kavu. Hoja hiyo nina heshima nayo, ila Januari shamba limebaki vumbi, na mtu haamini maneno pale ambapo angeweza kuona mmea.

Siku ichaguliwe kwa kuuliza. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wanasali, Jumapili makanisa yote, na siku ya mnada wa karibu hakuna atakayekuja. Mara nyingi inabaki Jumatano au Alhamisi.

## Kwa mkulima anayetaka kushiriki

Nilete nini? Sina mhogo mkubwa kama wa fulani.

Leta ulicholima na unachoweza kukieleza. Muhogo mrefu kama mtu huvuta macho, watu hupiga picha, halafu hakuna anayejifunza kitu. Tunachotaka zaidi ni mbegu uliyoihifadhi mwenyewe, mashina ya mhogo yasiyo na ugonjwa, maharage yaliyokaa miezi sita bila kutobolewa, asali, mafuta ya shea, miche ya miti, hata daftari ulilotumia kuandika siku za kupanda na gharama. Mzee mmoja wa Terego alileta aina za mtama ambazo vijana hawakuwahi kuziona, na meza yake ndiyo iliyojaa watu mpaka jioni.

Washindi wanachaguliwaje?

Hili ndilo swali linaloleta manung'uniko, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Waamuzi hutembelea mashamba kabla ya maonyesho. Kwenye meza mtu anaweza kuleta mahindi ya shemeji yake. Shambani hawezi kuazima. Kamati huwa na afisa ugani wa kaunti ndogo, wakulima wawili kutoka kijiji kingine, na mwanamke mmoja angalau anayelima mwenyewe. Mmisionari hapigi kura. Akipiga, kila matokeo yatasemwa ni ya padre.

Alama hutolewa kwa mambo haya: afya ya mimea, nafasi kati ya mistari, namna udongo ulivyolindwa dhidi ya mmomonyoko, matandazo, ghala, na kama familia inakula kutoka shamba hilo au inauza kila kitu. Swali la mwisho kabisa huulizwa majirani: je, mtu huyu ameshawahi kuwapa mbegu au kuwafundisha? Mkulima hodari anayeficha ujuzi wake hapati nafasi ya kwanza kwetu. Wapo wanaosema hilo ni kumwadhibu mtu kwa tabia yake ya faragha. Mimi nalitetea, kwa sababu maonyesho yenyewe yapo ili ujuzi utembee.

Zawadi ziwe vyombo vya kazi: jembe, panga, toroli, turubai la kukaushia, magunia ya kuhifadhia. Pesa taslimu huzaa ugomvi nyumbani, hasa pale ambapo aliyelima ni mke na anayepokea ni mume. Jina litakalotajwa kwenye kipaza sauti liwe la aliyelima.

Nitajuaje kuwa mbegu zinazouzwa hapo si feki?

Mbegu feki zimewavunja moyo wakulima wengi Uganda. Nafaka ya kawaida hupakwa rangi, hutiwa kwenye pakiti nzuri na kuuzwa kama mbegu bora. Muuzaji yeyote kwenye uwanja wetu lazima aonyeshe lebo ya wizara ya kilimo. Mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya bluu. Ile inayozalishwa na vikundi vya wakulima chini ya uangalizi, iliyotangazwa ubora wake, ina lebo ya kijani. Pakiti isiyo na lebo haiwekwi mezani hata kama mwenyewe anaapa.

Hata ukiwa na lebo, jaribu nyumbani. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa au gunia lenye unyevu, lilowanishe kidogo kila siku, na baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, tafuta nyingine. Tafadhali usiruke hatua hii. Wiki moja ya kungoja ni rahisi kuliko msimu mzima.

Jua pia aina uliyonunua. Longe 5, aina ya mahindi ambayo wengi huiita Nalongo, unaweza kuchagua mbegu zake na kupanda tena kwa misimu michache. Longe 10H ni chotara. Ukipanda punje ulizovuna mwenyewe, mavuno yatashuka, hivyo hununuliwa upya kila msimu. Muuzaji asiyekueleza tofauti hiyo anakuibia hata kama pakiti ni halali.

Na mashina ya mhogo? Batobato imetumaliza.

Mhogo ndio chakula cha West Nile, na magonjwa mawili huutesa: batobato, inayokunja majani na kuyapa madoa ya njano, na michirizi ya kahawia, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazima huku mzizi umeoza ndani. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe tunapobebeana mashina ya ugonjwa. Batobato kali ilifagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990, na wazee wanaikumbuka njaa yake.

Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wametoa aina zinazostahimili, kama NASE 14 na NAROCASS 1. Kituo chao cha Abi, hapa Arua, ndicho pa kuanzia kuuliza. Kwenye maonyesho tunapokea mashina kutoka tu kwa mashamba ambayo afisa ugani ameyakagua, na mizizi michache hukatwa mbele ya watu ili waone ndani. Mashina kutoka kwa shangazi wa ng'ambo ya mpaka, hata yakiwa mazuri kwa macho, yabaki nyumbani.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni dawa au chakula?

Ni chakula. Rangi hiyo ni ya kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya watoto. Aina kama Kabode na Vita zilitolewa Uganda mwaka 2007, na Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao. Mtoto hula viazi hivi bila kubembelezwa. Tatizo lao ni mashina: kiangazi kirefu huyaua, hivyo tenga kitalu kidogo karibu na maji na uyatunze hadi mvua.

Kwa nini mnasumbua watu na sumukuvu? Mahindi yetu tunakula miaka yote.

Kwa sababu sumukuvu haionekani wala haina ladha. Inatoka kwa kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na ukiila muda mrefu inaharibu ini. Ina gharama ya soko pia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, masharti yalibaki. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni.

Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, umekaribia. Ongeza siku nyingine ya jua kabla ya kutia ghalani. Kausha juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Gunia la PICS lenye matabaka matatu hufungwa hewa isiingie, na wadudu waliomo hufa kwa kukosa oksijeni bila dawa yoyote. Bei yake hulalamikiwa sana. Ila maharage yaliyotobolewa Oktoba hayawezi kuuzwa Februari bei ikiwa juu, na hapo ndipo gunia hujilipa.

Naweza kuleta kuku, mbuzi au ng'ombe?

Kuku ndiyo, kwa masharti. Kideri, ugonjwa wa kuku, husafiri nao, na uwanja uliojaa kuku wa vijiji ishirini unaweza kuusambaza hadi kila boma. Kuku wanaokuja wawe wamechanjwa wiki mbili au tatu kabla, wakae kwenye matenga tofauti, na wasichanganywe na wa nyumbani mara tu wanaporudi. Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtu mmoja kijijini akifundishwa, kijiji kizima kinachanja.

Ng'ombe na mbuzi wanahitaji kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya. Kukiwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, jibu ni hapana hata kama mifugo yako inaonekana mizima. Mwaka 2024 karantini iligusa wilaya nyingi nchini. Wakati kama huo leta picha, leta majani ya malisho, leta maziwa, mfugo ubaki.

Mnatoa mbegu au pesa bure?

Hapana, na tunajua jibu hili huwakera wengi. Mbegu za bure zinapomwagwa kijijini, yule mama aliyekuwa anazalisha na kuuza mashina safi hupoteza wateja, na msimu unaofuata, mfadhili akiondoka, hakuna bure wala za kuuza. Watu waliokimbia vita au waliopoteza kila kitu kwa mafuriko ni habari nyingine, na kwao kanisa lina mfuko wa msaada unaofanya kazi kando na maonyesho.

Kuhusu mtaji, kuna njia mbili za karibu. Ya kwanza ni Mpango wa Maendeleo wa Parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022: serikali hupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na mkulima aliye kwenye kikundi anaweza kupata hadi milioni moja kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo cha parishi. Ni mkopo wa kuzunguka, hurudishwa. Tunamwalika chifu wa parishi akae mezani aeleze mwenyewe, kwa sababu uvumi juu ya pesa hizo ni mwingi kuliko pesa zenyewe. Ya pili ni kikundi cha kuweka akiba chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa mkulima anayeanza, ningechagua sanduku.

## Kwa anayetaka kutumika kama mmisionari

Ni lazima niwe nimesomea kilimo?

Hapana. Wataalamu wapo: afisa ugani, watafiti wa Abi, na wakulima wenyewe. Wanachokosa ni mafuta ya pikipiki, mahali pa kukutania, na mtu wa kuandika barua na kufuatilia. Hiyo ndiyo kazi yako. Ukiwa mtaalamu pia, vizuri, ila msimu wa kwanza sikiliza. Mvua za hapa, udongo wa hapa na mchwa wa hapa hukuvisoma chuoni.

Maisha ya kila siku yakoje?

Kuna asubuhi za kutembea mashambani, kwa sababu baada ya saa tano jua halina huruma. Kuna salamu ndefu. Huwezi kuingia kwenye boma na kuuliza habari za mahindi kabla ya kuuliza habari za wazee, watoto na mgonjwa. Ukiletewa mkate wa mhogo na mchuzi wa simsim, keti ule. Mama aliyekupikia amekukaribisha rasmi, na mazungumzo ya kweli huanza baada ya kunawa mikono.

Kuna misiba. Ukikosa mazishi ya jirani, maneno yako kuhusu matandazo hayatasikilizwa na mtu. Nimeona maonyesho yakisogezwa wiki nzima kwa sababu mzee wa ukoo amefariki, turubai zetu zikahamia matangani na sufuria za wageni zikapikia waombolezaji. Hakuna aliyelalamika. Ratiba yako iwe na nafasi ya mambo kama hayo tangu mwanzo.

Kuna malaria, kuna wiki bila umeme, kuna upweke wa jioni, hasa mwaka wa kwanza. Lala kwenye chandarua, pima homa siku ileile, na usikae peke yako. Jumuiya ndogo ndogo husali nyumbani kwa nyumbani jioni. Nenda, hata kama hujui nyimbo.

Nahitaji vibali gani?

Mgeni anayekuja kama mmisionari au mtu wa kujitolea huomba kibali cha daraja la G1 kutoka Uhamiaji, kupitia kanisa au shirika lililosajiliwa. Viza ya utalii haitoshi. Kwa maonyesho yenyewe, andika mapema kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani), kaunti ndogo na polisi, na umwone mwenyekiti wa LC1 ana kwa ana. Kambi za wakimbizi zina utaratibu wake. Tazama swali la wakimbizi hapa chini.

Pesa za kuendeshea zinatoka wapi?

Sadaka, michango ya vikundi, ada ndogo ya kampuni zinazoonyesha bidhaa. Mkulima halipi. Hesabu zisomwe hadharani wiki inayofuata, mpaka ya chumvi.

## Hali zisizo za kawaida

Wakimbizi wanashiriki?

Ndiyo, na wanafundisha mengi. Bidibidi, iliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016, na Rhino Camp zina maelfu ya familia zinazolima vipande vya kama mita 30 kwa 30, mara nyingi kwenye udongo wa mawe. Ndio waliotuonyesha bustani za magunia, mboga zilizopangwa kuzunguka maji ya kunawia, na namna ya kukodi ardhi kwa wenyeji kwa mkataba unaoeleweka na pande zote. Meza zao zichanganywe na za wenyeji, zisitengwe pembeni. Ili kuingia kambini kualika watu, pata ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia kambi, na uzungumze na viongozi wa vijiji vya wakimbizi wenyewe.

Kampuni za dawa na mbolea zinaruhusiwa?

Zinaruhusiwa kuonyesha na kueleza. Haziruhusiwi kuuza dawa iliyopunguzwa kwenye chupa za soda, wala kunyunyizia watu wakiwepo, wala kumtumia padre kama tangazo. Anayeuza dawa auze pia glavu na barakoa.

Swali linaloulizwa zaidi kwenye meza hizo ni la viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017. Dawa husaidia wakiwa wadogo tu. Wakishajificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi unapoteza pesa. Panda mapema pamoja na jirani zako, kagua shamba mara mbili kwa wiki, ponda mayai na viwavi kwa vidole, tia majivu au mchanga kwenye moyo wa mmea. Ni kazi ya mikono, lakini kwa nusu ekari inawezekana.

Mwanasiasa akitaka kuhutubia?

Anasalimia, anatembelea meza, anashukuriwa. Kipaza sauti ni cha wakulima. Mwambie kabla ya siku yenyewe, kwa heshima, na mbele ya shahidi.

Wageni kutoka Kampala wakichelewa au barabara ikifungwa?

Ni karibu kilomita 500. Daraja la Karuma, lililo kwenye njia hiyo, lilipofungwa kwa magari mengi mwaka 2024 kwa matengenezo, safari zilirefuka kwa kuzunguka. Panga siku ambayo itafana hata wasipofika. Waliopo wanatosha.

Mnajuaje kuwa maonyesho yamesaidia?

Hatuhesabu waliohudhuria. Mwezi Septemba makatekista na vijana hupita kwenye maboma wakiwa na orodha ya waliojiandikisha, wanauliza maswali matatu: umepanda nini kipya, ulipata kwa nani, umempa nani? Jibu la tatu ndilo tunalolisoma kwa makini. Kama mashina safi yametoka kwa mama wa Terego yakafika kwa dada yake Madi-Okollo, bila sisi kuhusika, tunaandika hilo kwenye daftari na tunamwalika huyo dada mwaka ujao.

Shamba la mfano liwe kwenye ardhi ya nani?

Ardhi nyingi hapa ni ya ukoo kwa mila, haina hati. Kijana anaweza kukupa kipande kwa moyo mweupe, na baba zake wadogo wakaja kukidai mahindi yakishaiva. Kaa na wazee wa ukoo kwanza. Andika ni eneo gani, kwa misimu mingapi, mavuno ni ya nani, na miti itakayopandwa itabaki ya nani. Ardhi ya kanisa inaonekana rahisi zaidi, lakini mkulima akiona shamba zuri la kanisa husema lina pesa za wazungu. Shamba la mfano lililo kwa mkulima wa kawaida humshawishi zaidi.

Misheni ikihama, maonyesho yatakufa?

Yanakufa pale ambapo mmisionari ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Tangu mwaka wa kwanza, kamati iwe na mwenyekiti mkulima, mweka hazina ambaye si ndugu yake, na akaunti yenye saini tatu. Turubai, mizani, kipaza sauti na daftari la waamuzi viorodheshwe kwa majina na idadi. Nakala moja ibaki kwa kamati, moja parokiani, moja kaunti ndogo. Mmisionari mpya akija, kamati ndiyo imkabidhi yeye kazi.